UZI: Kigoma hadi Dar es Salaam kwa ndege. Umbali ni kilomita 1,077 kila siku, kwa nini saa hazifanani?

Mwana wa Katubuka (Kigoma)

Wakuu, salaam.

Kila likizo inapokaribia, na kila anapopatikana mgonjwa wa kupelekwa Dar es Salaam, ndugu na majirani hapa Kigoma huniuliza swali lile lile: ni saa ngapi angani? Mmoja ameambiwa na wakala wa tiketi kwamba ni saa mbili. Mwingine amesoma kwenye tovuti ya kupima umbali kwamba ni saa moja na dakika hamsini. Wa tatu amesafiri juzijuzi na anaapa kuwa zilikuwa saa tatu kasoro robo. Wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli. Nimefungua uzi huu nieleze hesabu hatua kwa hatua, ili anayepanga safari, hasa anayeunganisha na ndege nyingine au anayewahi miadi ya hospitali, ajue anahesabu kitu gani na anaacha kitu gani.

Tuanze na umbali, kwa sababu huo hauna ubishi na kila mtu anaweza kuupima mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Uwanja wa ndege wa Kigoma uko latitudo 4°53′ kusini na longitudo 29°40′ mashariki. Uwanja wa Julius Nyerere uko latitudo 6°53′ kusini na longitudo 39°12′ mashariki. Tofauti ya latitudo ni digrii 2, na tofauti ya longitudo ni digrii 9 na dakika 32, yaani digrii 9.53. Digrii moja ya latitudo ina kilomita 111 hivi. Digrii ya longitudo nayo ina urefu huo huo pale kwenye ikweta, kisha hupungua kadiri unavyosogelea ncha za dunia, na kwa kuwa sisi tuko jirani sana na ikweta, inatosha kuzidisha kwa kosaini ya digrii 6, ambayo ni 0.995. Hivyo, kutoka Kigoma tunashuka kusini kilomita 222 na tunakwenda mashariki kilomita 1,053. Kinachobaki ni kanuni ya Pithagorasi tuliyofundishwa sekondari: mraba wa 222 ujumlishwe na mraba wa 1,053, kisha utafute kipeuo cha pili cha jumla yake. Jibu ni kilomita 1,076. Ukitumia kanuni kamili ya duara kuu, ile inayozingatia kwamba dunia ni mviringo, unapata 1,077. Kwa safari ya kuikata nchi kutoka ziwani hadi baharini, kalamu imekosea kwa kilomita moja tu. Marubani hutumia maili za baharini, na kila maili moja ni kilomita 1.852, kwa hiyo wao watakuambia ni maili 582.

Sasa chukua ramani, uweke rula kati ya viwanja hivyo viwili. Utaona jambo ambalo wengi hawalitarajii: mstari ulionyooka kutoka Dar kwenda Kigoma unapita karibu kabisa juu ya Dodoma, kisha unaiacha Tabora upande wa kaskazini kwa kilomita 50 hivi, unapita jirani na Nguruka, na kuingia Kigoma kutokea upande wa Uvinza. Kwa maneno mengine, Tabora haiko mbali na njia. Dar hadi Tabora ni kilomita 732, na Tabora hadi Kigoma ni kilomita 351. Jumla ni 1,083. Ndege inayopitia Tabora inaongeza kilomita 6 tu juu ya ile inayokwenda moja kwa moja.

Naomba msomaji aishike namba hiyo ya 6, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Kilomita 6 kwa ndege ni jambo la nusu dakika. Lakini abiria wa kupitia Tabora hufika Kigoma akiwa amechelewa kwa robo tatu ya saa au zaidi kuliko mwenzake aliyepanda ya moja kwa moja. Muda huo haukuliwa na umbali. Umekwenda kwenye kushuka, kutua, kusimama, kuwasha injini tena na kupaa upya.

Tuichambue. Ndege inayojulikana zaidi katika anga letu la magharibi ni Dash 8-400, yenye viti 76 katika mpangilio wa Air Tanzania, ile ambayo mitaani tunaiita pangaboi. Mwendo wake wa juu kabisa ni kilomita 667 kwa saa, lakini tuchukulie mwendo wa kawaida wa maili za baharini 340 kwa saa, ambao ni kilomita 630. Gawanya maili 582 kwa 340, unapata saa 1 na dakika 43. Huo ungekuwa muda wote wa safari kama ndege ingezaliwa angani ikiwa tayari na mwendo kamili, na ingefia angani vilevile. Sivyo ilivyo. Kuna dakika za kutoka maegeshoni hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Kuna kusubiri ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Kuna kupanda hadi futi 24,000, ambapo sehemu kubwa ya nguvu ya injini inatumika kuinua uzito badala ya kusukuma mbele, na mwendo juu ya ardhi unakuwa mdogo. Mwishoni kuna kupunguza mwendo, kuzunguka ili kuielekea njia ya kutua, na kutembea hadi maegesho. Hayo yote nayapa dakika 15 kwa wastani, na siku yenye msongamano Dar yanaweza kuzidi hapo. Jumla inakuja saa 2 kasoro dakika mbili, na ndiyo maana tiketi ya moja kwa moja huandikwa karibu saa mbili.

Kupitia Tabora, hesabu inakuwa hivi: Dar hadi Tabora ni maili 395, yaani dakika 70 za mwendo na 15 za kupanda na kushuka, jumla saa 1 na dakika 25. Kusimama Tabora ni nusu saa. Tabora hadi Kigoma ni maili 190, yaani dakika 34 za mwendo na nyingine 15. Jumlisha: saa 2 na dakika 44. Yule jirani wa tatu hakudanganya.

Zile tovuti za kupima umbali nazo zina namna yao. Nyingi huchukua umbali, zikaugawa kwa mwendo mmoja wa jeti usiobadilika, mathalani kilomita 800 kwa saa, kisha zikaongeza nusu saa. Kwa Kigoma na Dar hiyo inatoa saa 1 na dakika 51. Umbali wanaotoa ni sahihi na ninaushukuru. Muda wanaotoa haujui ni ndege gani iliyopangwa siku hiyo, wala haujui kuna kituo njiani. Ukipewa Airbus A220, ambayo ni jeti inayokwenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa, hesabu yao ingekaribia ukweli. Ukipewa ATR 72, yenye mwendo wa kilomita 500 na kidogo, safari ile ile ya moja kwa moja inakaribia saa 2 na dakika 25. Umbali ni ule ule, viwanja ni vile vile, na kati ya jeti na ATR kuna zaidi ya nusu saa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: unapokata tiketi, usiulize umbali. Uliza aina ya ndege, na uulize kama inasimama popote. Karibuni tujadili.

Mtu wa Isevya (Tabora)

Nakushukuru mleta uzi kwa maelezo yaliyokaa vizuri, ingawa nina pingamizi kidogo. Sisi wa Tabora tumechoka kusikia kwamba ndege inacheleweshwa na Tabora. Nimesimama mara nyingi pale uwanjani kupokea wageni, na ndege haikai nusu saa. Dakika ishirini inatosha, wakati mwingine pungufu, kwa sababu uwanja wetu hauna foleni ya ndege. Je, hujatia chumvi kwenye hesabu yako?

Mwana wa Katubuka

Ndugu yangu wa Isevya, pingamizi lako ni la haki, na lina sehemu ya ukweli. Ndege inaweza kabisa kukaa dakika 20 maegeshoni ikiwa abiria ni wachache na mafuta hayajazwi. Tupunguze dakika 10 kama unavyotaka. Bado inabaki zaidi ya nusu saa, kwa sababu karibu nusu ya muda huo haipotei ikiwa imesimama. Hebu niiangalie kwa karibu.

Ndege iko futi 24,000. Uwanja wa Tabora uko mita 1,179 juu ya usawa wa bahari, takriban futi 3,900. Kwa hiyo inatakiwa ishushe futi 20,000 na ushei. Kanuni ya kawaida ya marubani ni kuhesabu maili tatu za baharini kwa kila futi elfu moja za kushuka, kwa hiyo wanaanza kushuka wakiwa na maili 60 kabla ya kufika, zaidi ya kilomita 110. Kuanzia hapo mwendo unapungua hatua kwa hatua. Kisha inatua, inatembea hadi maegesho, panga zinasimama, mlango unafunguliwa. Abiria wa Tabora wanashuka na mizigo yao midogo. Nasi wa Kigoma tunabaki vitini, joto linaanza kupanda, mhudumu anapita kwenye ujia akihesabu vichwa na kuulizia begi moja lililobaki juu bila mwenyewe. Chini, mlango wa mizigo uko wazi na vijana wanatenganisha mabegi ya Tabora na ya Kigoma. Ikiwa mafuta yanajazwa, tunaambiwa tufungue mikanda na tutulie. Wanapanda abiria wapya, mlango unafungwa, injini zinawashwa moja baada ya nyingine, na ndege inaanza kupanda futi 20,000 zile zile ilizokwisha kuzilipia mafuta na muda mara moja ilipotoka Dar.

Tabora haina kosa lolote katika hili. Ndege ikisimama Mwanza au Mpanda, hesabu itakuwa ya namna hiyo hiyo. Na niongeze kwamba kituo hicho kina faida kubwa kwa mikoa yote miwili: viti visivyojazwa na watu wa Kigoma peke yao vinajazwa na wa Tabora, na ndiyo sababu ratiba inapatikana siku ambazo vinginevyo isingekuwepo kabisa. Mimi siombi kituo kiondolewe. Ninaomba abiria aambiwe waziwazi kwamba kipo, na kinachukua muda gani.

Mzee wa Reli (Kigoma)

Vijana, hamjambo. Nimesoma kwa makini. Mimi nilizoea kuambiwa kwamba Kigoma hadi Dar ni kilomita 1,250 na zaidi, na hiyo nimeisoma kwenye vitabu vya reli. Leo naambiwa 1,077. Je, ndege haifuati reli? Na kama haifuati, inafuata nini huko juu ambako hakuna alama?

Mwana wa Katubuka

Shikamoo mzee wangu. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwa chombo chake. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa karibu kilomita 1,250 kwa sababu inalazimika kutafuta mteremko mpole, kuikwepa milima, kuvuka mito mahali panapovukika, na kuipitia miji yote mikubwa ya njiani: Morogoro, Dodoma, Manyoni, Tabora. Ndege imeokoa zaidi ya kilomita 170 kwa kutolazimika kufanya hayo. Kinachofurahisha ni kwamba wajenzi wa reli na mstari wa rula wamekubaliana kwa kiasi kikubwa, kwani vyote viwili vinapita Dodoma na vyote viwili vinaingia Kigoma kutokea upande wa Uvinza. Ukikaa dirishani siku isiyo na mawingu, utaiona reli mara kwa mara.

Kuhusu alama, angani kuna njia zilizopangwa, zinazounganisha vituo vya mawimbi ya redio na nukta zilizopewa majina na kuandikwa kwenye ramani za marubani. Rubani huwasilisha mpango wa safari unaopita kwenye nukta hizo, na waongozaji wa ndege humfuatilia kwa mujibu wa mpango huo. Kwa hiyo 1,077 ni umbali mfupi kuliko wote, na ndege halisi huruka zaidi kidogo. Hata kimo kina kanuni: kwa kawaida anayeelekea magharibi hupewa maelfu ya shufwa, kama futi 24,000, na anayeelekea mashariki hupewa ya witiri, kama futi 25,000, ili wanaopishana wasiwe kwenye kimo kimoja.

Yapo mambo mawili zaidi yanayoongeza kilomita na watu hawayaoni. Njia kuu ya kurukia ya Dar imelala kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, na ndege hupaa ikiukabili upepo. Majira ya kaskazi, upepo ukitoka kaskazini-mashariki, ndege ya Kigoma inapaa ikielekea huko, yaani imeipa Kigoma mgongo, kisha ndipo inapinda kuelekea magharibi. Huku kwetu nako njia ya kutulia imelala karibu kaskazini na kusini, wakati ndege inakuja kutoka mashariki, kwa hiyo lazima ipinde ili kuielekea. Na kati ya Novemba na Aprili, mawingu ya radi yanapopanda mchana, rubani anayakwepa kwa mzunguko ambao hakuna tovuti inayoweza kuukadiria.

Mtu wa Isevya

Nimekuelewa kuhusu kituo, na nimeridhika. Naomba sasa utueleze kuhusu kurudi. Kuna watu wanasema kwenda magharibi ni haraka kuliko kurudi, wengine wanasema kinyume chake.

Mwana wa Katubuka

Kinachoamua ni upepo wa juu. Wanaosafiri kati ya Ulaya na Marekani wanakutana na upepo mkali wa kutoka magharibi, na safari zao za kwenda na kurudi zinatofautiana kwa saa nzima au zaidi. Sisi tuko karibu na ikweta, ambako upepo wa kimo cha pangaboi mara nyingi hutoka mashariki na si mkali. Tuseme ni maili 20 za baharini kwa saa. Kwenda Kigoma, upepo unasukuma, mwendo juu ya ardhi unakuwa 360, na maili 582 zinakwisha kwa dakika 97. Kurudi Dar, upepo unazuia, mwendo unakuwa 320, na maili zile zile zinachukua dakika 109. Tofauti ni dakika 12. Siku upepo unapogeuka, tofauti nayo inageuka. Kwa hiyo wanaobishana wote wana siku zao za kushinda, ila siku za magharibi kuwa haraka ni nyingi zaidi.

Ziwa na Milima (Kigoma)

Mimi nina jambo la saa yenyewe. Ndugu yangu aliondoka Dar alasiri, akafika Kigoma bado kuna jua, akasema ndege imekwenda mbio sana. Pia kuna wanaopitia Bujumbura. Je, tunapata au tunapoteza saa?

Mwana wa Katubuka

Kati ya Dar na Kigoma hakuna saa inayobadilika, kwa sababu Tanzania nzima inatumia saa moja. Kinachobadilika ni jua. Kuna digrii 9.53 za longitudo kati yetu, na jua huchukua dakika 4 kwa kila digrii, kwa hiyo jua la Kigoma huchomoza na kuzama karibu dakika 38 baada ya la Dar, ukiacha mabadiliko madogo ya misimu. Ndugu yako alilifuata jua kwa nyuma, nalo likamsubiri kidogo. Mwendo wa ndege ulikuwa wa kawaida.

Bujumbura ni jambo jingine. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 178 tu kutoka hapa, lakini Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Tiketi huandika saa ya mahali ndege inapoondokea na saa ya mahali inapofikia. Ukitoka Bujumbura kwenda Dar, lazima uondoe saa moja kwenye tofauti unayoiona kwenye tiketi ndipo upate muda halisi wa safari. Wengi hawafanyi hivyo, na ndio hao wanaolalamika kwamba safari ya Bujumbura ni ndefu kupita kiasi.

Mama wa Gungu (Kigoma)

Kaka, naomba msaada wako kwa jambo langu mwenyewe, maana limenikosesha usingizi. Baba yangu anakwenda India kwa matibabu, nami namsindikiza. Tiketi yetu ya kutoka Kigoma imeandikwa kuondoka 10:25 na kufika Dar 13:10. Ndege ya kwenda nje inaondoka 15:40 siku hiyo hiyo, na ni tiketi tofauti, ya kampuni tofauti. Aliyetukatia anasema kuna saa mbili na nusu, zinatosha. Baba anatembea kwa shida. Zinatosha?

Mwana wa Katubuka

Dada yangu, pole kwa uuguzi, na Mungu ampe mzee nafuu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako ndilo zito kuliko yote kwenye uzi huu.

Kwanza, kutoka saa nne na dakika 25 asubuhi hadi saa saba na dakika 10 mchana ni saa 2 na dakika 45. Kwa hesabu tulizofanya hapo juu, huo si muda wa moja kwa moja. Ndege yenu karibu hakika inasimama njiani, na upepo nao siku nyingi utakuwa unaizuia. Mwulize aliyewakatia tiketi akuthibitishie.

Pili, muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka maegeshoni na huisha inaposimama maegeshoni. Saa saba na dakika 10 si saa mtakayokuwa nje na mizigo. Mwenye kiti cha magurudumu mara nyingi hushushwa baada ya wengine wote kushuka, kisha kuna kusubiri mabegi. Mpe mzee nusu saa, nanyi mtakuwa mmesimama na mizigo yenu saa nane kasoro dakika ishirini.

Tatu, safari za nje zinaondokea jengo la tatu, lile lililozinduliwa mwaka 2019, nanyi mkishukia jengo jingine mtahitaji gari la kuwahamisha. Na kwa kuwa tiketi ni mbili tofauti, mabegi hayatahamishwa na mtu mwingine. Mtayachukua wenyewe na kuyakabidhi upya. Kaunta za safari za kimataifa kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, na kwenu hiyo ni saa nane na dakika 40. Kwa hiyo zile saa mbili na nusu alizokuhesabia zimebaki saa moja kamili, na ndani yake kuna kuhama jengo, ukaguzi na foleni, mkiwa na mgonjwa.

Nne, saa hiyo moja inategemea kila kitu kiende sawa. Ndege yenu inaweza kuchelewa kuja Kigoma kwa sababu imechelewa mahali pengine asubuhi hiyo. Mawingu yakiwa mabaya juu ya uwanja wetu, rubani hatatua kwa kubahatisha: anabeba mafuta ya kumfikisha uwanja mwingine, pamoja na akiba ya dakika 30 juu yake, na atakwenda kusubiri Tabora au Mwanza hadi hali itulie. Tabora hadi hapa ni dakika 50 angani, kwa hiyo nenda rudi pekee inakula zaidi ya saa moja na nusu, kabla hujahesabu muda wa kukaa chini. Ndugu yangu mmoja alipoteza safari ya nje kwa namna hiyo hiyo. Kampuni ya kwanza ilimwambia kwamba imemfikisha Dar kama ilivyoahidi, ya pili ikamwambia kwamba ndege yake iliondoka kwa wakati, na kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili, kila mmoja alihesabu safari yake tu.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hazitoshi. Ombeni tiketi ya Kigoma isogezwe nyuma kwa siku moja, hata kama kuna faini ya kubadilisha, kwa sababu faini hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na kukata upya tiketi mbili za India. Mkifika Dar, laleni jirani na uwanja, upande wa Kipawa au Ukonga, mzee apumzike, kesho yake muwe kaunta saa sita na nusu mchana. Mnapobadilisha, ombeni kiti cha magurudumu kiandikwe kwenye tiketi zote mbili, kwa kuwa kampuni moja haitaiambia nyingine. Na mkipata nafasi kwenye ndege ya moja kwa moja siku hiyo ya kutangulia, ichukueni, mzee asikae kwenye joto la kituo.

Mama wa Gungu

Nimempigia aliyetukatia tiketi. Amekubali kwamba inapitia Tabora, na amesema siku ya kutangulia kuna nafasi, ingawa nayo inapitia Tabora vilevile. Faini tumeambiwa na tumeikubali. Ahsante sana kaka, Mungu akulipe.

Mwana wa Katubuka

Amina, dada. Kwa siku hiyo haina neno hata ikipitia Tabora. Mwombee mzee kiti cha karibu na mlango utakaotumika kushukia, na ubebe maji ya kutosha ya kumeza dawa, maana wakati ndege imesimama wahudumu huwa na kazi ya abiria wanaopanda.